Chatu Wako Hali? Angalia Joto Kwanza

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kutoka asubuhi na hii baridi, naona kuna watu wamekuja mpaka kutoka Rongai na Kitengela, na asanteni sana wazazi mliokuja na watoto, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye anapenda nyoka lakini mzazi ndiye analipa stima. Nimeombwa niongee kuhusu kumtunza chatu awe na afya, na nitaongea tu vile huwa naongea nikiwa kazini, hakuna slaidi.

Tuanze na sheria tuimalize haraka. Hapa Kenya chatu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Alafu chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hivyo kumvusha mpaka bila makaratasi ni kesi nyingine kabisa. Haya ninayosema leo nawaambia wenye vibali, wale mnaofanya kazi kwa bustani za nyoka, wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na wale mnafikiria kuomba kibali. Kama uko na chatu kwa ndoo chini ya kitanda na hauna karatasi yoyote, anza na KWS kwanza.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Swali naulizwa kuliko yote ni hili: chatu wangu amekataa kula, nimpe dawa gani? Na mimi kila mara narudisha swali, kizimba chako kiko digrii ngapi? Hapo mtu ananyamaza, ama ananiambia "kuko joto tu, niliweka balbu". Jamani hiyo si namba. Nataka namba, na nataka namba mbili, ya upande wa joto na ya upande wa baridi, na nataka ya mchana na ya saa kumi usiku, kwa sababu hapa kwetu tatizo huwa ni saa kumi usiku.

Chatu hatengenezi joto la mwili vile mimi na wewe tunatengeneza. Joto lake lote analipata kutoka nje, kwa mawe, kwa udongo, kwa jua. Kuna jike la chatu wa Burma ambalo likilalia mayai hutetemesha misuli ili kuyapasha moto, na hilo ni jambo la ajabu na zuri sana, lakini ukitoa wakati huo wa mayai, hata huyo anategemea mahali alipo. Kwa hivyo siku unamfungia chatu kwa sanduku umemnyang'anya uwezo wa kutafuta jua na kivuli mwenyewe, na kuanzia hapo hali ya hewa yake ni wewe. Ukisahau, hana pengine pa kwenda.

Na hii inaingia moja kwa moja kwa mambo ya chakula. Chatu hatafuni, anameza panya mzima na manyoya yake na mifupa yake, na kazi yote inafanywa na asidi na vimeng'enya vya tumboni, na vimeng'enya vinafanya kazi vizuri kwenye joto. Joto likishuka kazi inazembea, panya anaanza kuoza mle ndani kabla hajasagwa, na nyoka anatapika ama anaugua. Ndio maana chatu mwenye baridi anakataa kula, mwili wake unamkinga. Watafiti walimpima chatu wa Burma wakakuta ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa moyo wake unaongezeka ukubwa kama asilimia 40, na ini na figo na utumbo navyo vinakua, alafu chakula kikiisha kusagwa vinarudi vilivyokuwa. Hebu fikiria mwili unafanya kazi ya namna hiyo, na wewe umeuacha kwa digrii 18.

Sasa Nairobi. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hawa chatu wadogo ambao wengi wenu mnao, wale wanaitwa bol paithoni, kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali mpaka pande za Uganda, na huko wanakaa mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali ambapo joto halipandi na kushuka ovyo na hewa iko na unyevu. Unamtoa huko unamleta kwa bedsita ya mawe Umoja ama Kasarani, Julai, usiku unashuka mpaka digrii 11 au 12, hata sisi tunalala na soksi. Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya ambao nyumba zao ziko na mitambo ya joto kila chumba, kwa hivyo wanakwambia weka mkeka wa joto chini ya tanki na utakuwa sawa. Hapa hautakuwa sawa. Mkeka unapasha sakafu ya tanki tu, hewa ya juu inabaki baridi kama ya chumba, na chatu anavuta hiyo hewa baridi usiku mzima. Kifua kinaanzia hapo.

Namba za bol paithoni ni hizi, andikeni. Upande wa joto digrii 31 mpaka 33. Upande wa baridi digrii 25 mpaka 27. Usiku isipite chini ya 24. Pande zote mbili ni za lazima, kwa sababu chatu anahama mwenyewe, akishakula anaenda kwa joto, akitaka kupumzika anarudi, na ukipasha sanduku zima digrii 33 umemuua polepole vilevile.

Kizimba chenyewe mimi kwa Nairobi nasema mbao, si kioo. Tanki la kioo lenye wavu juu linapendeza sebuleni lakini joto na unyevu vinatoka wote kwa ule wavu. Fundi yeyote mzuri wa fanicha pale Ngong Road atakutengenezea sanduku la playwudi, milango ya kioo ya kuteleza mbele, matundu machache ya hewa pembeni, na kufuli, tafadhali kufuli, chatu anasukuma mlango usiku kucha na akipata nafasi ya kidole amepita. Kwa bol paithoni mzima urefu uwe angalau mita 1.2, upana nusu ya hiyo. Ukipaka vanishi ama rangi ndani, iache ikauke wiki kadhaa mpaka ile harufu iishe kabisa kabla hujamweka nyoka ndani, mapafu ya nyoka hayavumilii mvuke wa rangi.

Kwa joto, tafuta hita ya kauri ama paneli ya kufunga juu, na iwekee waya wa kuzuia nyoka asiiguse. Alafu themostati. Mtu akiniambia pesa imeisha na amebakisha kitu kimoja cha kununua, namwambia nunua themostati, hata kabla ya chatu mwenyewe. Unaweka kichwa chake cha kupimia pale nyoka analala, inazima hita ikifika juu na inawasha ikishuka. Pamoja nayo chukua themometa mbili za dijitali, maduka ya Luthuli mjini zimejaa na si bei, zile za kubandika za mshale achana nazo, zinadanganya. Kichwa kimoja upande wa joto, kingine upande wa baridi, na uzisome kila siku asubuhi na usiku.

Nasisitiza themostati kwa sababu ya kuungua. Chatu halalamiki akiungua vile ungetarajia. Analala juu ya mkeka ambao umepanda mpaka digrii 50 na hatoki, tumbo linaiva pole pole na wewe unaona tu wekundu baada ya siku mbili, na kidonda cha moto kwa nyoka kinachukua miezi na mara nyingi kinaingia bakteria. Wazee mlioko hapa mnamkumbuka Omieri, chatu wa Nyakach, mwaka 1987 nchi nzima ilikuwa inamzungumzia, aliungua kwenye moto wa kichaka na hata baada ya kutibiwa alikufa. Watu wa Nyakach walilia kwa sababu kwao alikuwa anakuja na mvua na mavuno. Huyo alikuwa chatu mkubwa, wa pori, mwenye nguvu, na moto ulimshinda. Huyu wako wa kilo moja na nusu ana ngozi nyembamba zaidi.

Sasa najua mnawaza, na stima ikipotea? Maana itapotea. Ama tokeni ziishe Jumapili usiku. Kizimba cha mbao chenye kuta nene kinashika joto masaa kadhaa, hiyo ndio faida yake ya kwanza. Stima ikienda, usifungue mlango kuchungulia, funika sanduku lote na blanketi nzito lakini acha matundu ya hewa wazi. Chemsha maji kwa gesi, jaza chupa, ifunge na taulo, iweke nje ya kijumba chake cha kujificha upande mmoja ili aweze kuikaribia ama kuikimbia, na badilisha ikipoa. Kama amekula jana hapo ndio ufanye bidii zaidi, kwa sababu chatu mwenye tumbo tupu anaweza kuvumilia usiku mmoja wa baridi lakini mwenye panya tumboni ataumia. Mwenye uwezo aweke inveta ndogo na betri, hita ya wati 80 si mzigo mkubwa.

Na kuna kitu kimoja nataka mnisikize vizuri. Usiingize jiko la makaa kwa hicho chumba. Usiingize. Kila msimu wa baridi tunasikia kwa habari familia imelala na jiko ndani na haikuamka, ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na haina rangi. Itamuua chatu na itakuua wewe na mtoto aliyelala kitanda cha pili. Hakuna nyoka duniani wa kufanyiwa hivyo, afadhali umbebe ndani ya mfuko wa pamba chini ya koti lako mpaka stima irudi.

Unyevu. Bol paithoni anataka asilimia 55 mpaka 65, na akikaribia kujivua gamba inaweza kufika 70 na kidogo. Hita inakausha hewa, na Januari na Februari Nairobi yenyewe ni kavu, kwa hivyo hapo ndio mtaona gamba linatoka vipande vipande badala ya kutoka zima kama soksi. Dawa yake ni rahisi, beseni kubwa ya maji, na chini uweke kokopiti, ile ya agroveti watu wananunua ya miche, unaimwagia maji pembeni na kuichanganya, juu ibaki kavu na chini iwe na unyevu. Lakini isiwe tope. Chatu akilala kwa maji maji anaoza magamba ya tumbo, unaona madoa ya kahawia na malengelenge. Vumbi la mbao la fundi, hasa la mierezi na paini, usiweke, yale mafuta yake yenye harufu yanaunguza mapafu. Gazeti ni sawa, halipendezi lakini ni safi, na kwa nyoka mgonjwa ama mgeni ndilo bora maana unaona kinyesi na utitiri mara moja.

Macho yake yakigeuka ya buluu kama maziwa, mwache. Haoni vizuri, ana wasiwasi, usimshike na usimpe chakula. Baada ya siku kadhaa macho yanarudi safi alafu ndio anajivua. Mkague ncha ya mkia na macho, gamba likibaki mkiani linabana damu na ncha inakufa, na lile la jicho usilibandue na kucha hata siku moja. Muweke kwa bakuli lenye taulo yenye maji vuguvugu, kama nusu saa, apite pite humo mwenyewe. Likikataa, peleka kwa daktari.

Mahali pa kujificha viwe viwili, kimoja kila upande, na viwe vya kumbana. Watu wanapenda kumwekea nyumba kubwa kama ya paka. Chatu anataka kuta zimguse pande zote ndio aone yuko salama. Akiwa na kijumba kimoja tu, na kiko upande wa baridi, atachagua usalama aache joto, atakaa hapo wiki nzima na baridi, alafu unanipigia simu kwamba hali.

Sasa chakula, na mnaona nimefika huku nikiwa nimechelewa, ni makusudi, kwa sababu ukishapanga hayo mengine huku ni rahisi. Panya asizidi unene wa chatu mahali alipo mnene zaidi. Chatu mdogo kila wiki, panya wa kama asilimia 10 ya uzito wake. Akipita gramu 500 unaenda kila wiki mbili. Mzima wa kilo moja na nusu, kila wiki tatu mpaka nne, na panya wa asilimia 5 hivi anamtosha kabisa. Nunua mizani ya jikoni, mpime mara moja kwa mwezi, andika kwa daftari. Hapa Nairobi nimeona chatu wanene wengi kuliko waliokonda, mtu anafurahi kuona nyoka akikamata basi anampa kila siku tatu, na mafuta yanajaa kwa ini na moyo. Chatu mwenye afya ukimkata katikati kwa mawazo tu anafanana na pembetatu yenye kona za mviringo, uti wa mgongo unausikia kidogo. Akiwa duara kabisa na ngozi inaonekana katikati ya magamba hata kama hajala, punguza.

Panya wa mtaani hapana. Hata kama amekamatwa na mtego, hata kama anaonekana mzima. Nusu ya mitaa yetu imewekwa sumu ya panya, na panya aliyekula sumu leo anaweza kutembea siku kadhaa kabla hajafa, chatu akimmeza ameimeza hiyo sumu. Ukiacha sumu kuna minyoo na vijidudu. Tumia panya wa kuzalishwa, ama uzalishe mwenyewe, ni kazi kidogo na harufu kidogo lakini unajua amekula nini.

Na mpe aliyekufa tayari. Panya hai akiona anaenda kuliwa anauma, na nyoka asiye na njaa hajitetei, nimeshaletewa chatu aliyetafunwa mgongo mpaka mbavu zinaonekana kwa sababu panya aliachwa naye usiku. Mtoe kwa friza jioni, mweke sehemu ya chini ya friji ayeyuke pole pole, alafu dakika za mwisho mtie kwa maji ya moto, si yanayochemka, mpaka mwili ushike kama digrii 38, mpanguse akauke. Maikroweivu hapana, inampika ndani na anapasuka. Chatu ana vitundu kwenye midomo vinavyohisi joto, panya wa baridi kwake ni kama hayupo. Mshikie na koleo ndefu, kamwe si na mkono, mtikise kidogo mbele ya kijumba jioni taa zikiwa zimezimwa, na uondoke. Akishakula usimguse siku mbili. Akitapika, usimpe kingine kesho yake, ngoja kama wiki mbili, rekebisha joto, alafu anza na mdogo zaidi. Na tafadhali friza ya panya isiwe ya nyama ya familia. Osha mikono na sabuni kila ukimaliza, nyoka wengi wanabeba salmonela bila kuugua, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Akikataa na kila namba iko sawa, tulia. Bol paithoni mzima, hasa dume, anaweza kukaa miezi bila kula na hakuna shida, ilimradi uzito hauporomoki. Mpime. Akipoteza zaidi ya asilimia 10, huyo sasa ni wa daktari.

Kuna dalili moja ambayo hausubiri mizani. Ukisikia anapumua na sauti ya mluzi ama kukwaruza, ukaona mapovu puani ama mdomoni, anakaa amenyanyua kichwa juu na mdomo wazi, hicho ni kifua, na nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa kile kitu kitoke. Pandisha upande wa baridi ufike 28 na umpeleke kwa vet siku hiyo hiyo, na usimpe antibaiotiki za binadamu za kununua kwa duka la dawa, dozi ya nyoka inapigwa kwa uzito na inategemea joto lake. Kabla hujamuunganisha chatu mgeni na wengine mtenge angalau miezi mitatu, chumba kingine, koleo lake, beseni yake, kwa sababu kuna virusi vya kifua vya chatu ambavyo havina dawa, na utitiri mmoja tu unahamia kizimba kizima ndani ya wiki chache.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kuhusu chatu wetu wa hapa, yule mkubwa. Jibu langu ni hapana kwa nyumba. Anafika mita nne, tano, anakula sungura na zaidi, na kumlisha kunahitaji watu wawili wazima kila mara bila kukosa. Huyo ni wa bustani yenye kibali na wafanyakazi, si wa ghorofa ya tatu Pipeline.

Na hata huyu mdogo, jueni mnaingia safari ndefu. Miaka 20 mpaka 30 ni kawaida. Kuna jike la bol paithoni pale bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, walilipokea mwaka 1961, mwaka ule ule Snake Park yetu ya Makumbusho ilianzishwa, na mwaka 2020 likataga mayai likiwa na umri unaokadiriwa kupita miaka 60, na halikuwa limekaa na dume kwa miaka zaidi ya 15. Kijana wa miaka 14 uliyekaa hapa mbele, huyu nyoka utakuwa naye ukiwa kampasi, ukioa, ukihamia kazi Mombasa.

Ikifika mahali hauwezi tena, na inafika, watu wanapoteza kazi, wanahama nchi, usimwachilie kwa msitu wa Karura wala wa Ngong. Bol paithoni si wa huku, baridi itamuua ama atapeleka magonjwa kwa chatu wa pori, na mmeona vile chatu wa Burma walioachiliwa Florida huko Marekani wamepunguza sana sungura na wanyama wengine wa mbuga ya Everglades. Waarifu KWS kwamba unataka kumkabidhi, tafuta mwenye kibali wa kumpokea, na umpe na lile daftari la uzito na mlo, ajue alikula lini mara ya mwisho, panya wa ukubwa gani, na kizimba kilikuwa digrii ngapi.